Mita Ishirini Kwenda, Mita Ishirini Kurudi

...na mkono usikaze ngumi, Cheptoo alisema nisikaze ngumi, kidole kimebanwa na kile kidude kinachosoma hewa ndani ya damu na nikikikaza kitachomoka, basi vidole vilegee, mabega yashuke, tembea Jescah, tembea kama mtu anayeenda sokoni, hana haraka lakini hataki kukuta mboga zimekwisha, mbele koni ya rangi ya chungwa, nyuma yangu koni nyingine, katikati mita ishirini za sakafu ya ukumbi huu wa kanisa ambao Jumamosi una harusi na Jumanne na Alhamisi una sisi, wagonjwa wa kifua na wa moyo na wa sukari, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi kwa dakika sita, kisha Cheptoo anayetufanyisha mazoezi apime nimefika wapi, na pale kwenye benchi la ukutani ameketi mwanangu Chrispinus na funguo za gari mkononi, anazichezesha, nazisikia kila nikipita, na huko nje kwenye buti kuna mabegi yangu mawili aliyoyapanga mwenyewe asubuhi nikiwa bado nakunywa chai... geuka, koni ipitie karibu, usiizunguke kama lori la miwa, rudi... aliyapanga vizuri, siwezi kusema hakuyapanga vizuri, nguo za kanisani juu zisikunjike, dawa kwenye mfuko wa pembeni, picha ya marehemu baba yake ameifunga ndani ya taulo, mtoto mwenye adabu, mtoto niliyemsomesha kwa mwiko, anataka kunipeleka kwake Eldoret nikakae nyumba yenye vigae na msichana wa kazi na choo hapo hapo karibu na kitanda, Mama, aliniambia, daktari amesema hayo mapafu hayaponi, sasa unabaki Shianda na nani, ukianguka bafuni nani atakuokota, na kuku wangu saba alikuwa ameshampa jirani, hakuniuliza, Mama utawafukuzaje kuku na kifua hicho, nami nikamwambia leo ni Jumanne, ni siku ya kupimwa, nimeingoja majuma kumi na mawili, nipeleke kwanza Kakamega nitembee mbele ya macho yako, nikishindwa nitaingia garini bila neno, akaniangalia, akasema na usiposhindwa? nami nikajifanya natafuta leso yangu, kushindwa ni mita ngapi, kutoshindwa ni mita ngapi, mimi mwenyewe ndiye niliyejitengenezea mtego huo na sasa natembea ndani yake na raba za mtumba... "Unaendelea vizuri, mama. Zimebaki dakika tano," ni Cheptoo huyo, amesimama na saa yake na ubao wa karatasi, sauti moja kwa kila mtu, hacheki, hapigi makofi, alituambia mapema kwamba siku ya kipimo hana ruhusa ya kushangilia, nikiwashangilia mtatembea kwa ajili yangu, alisema, na kipimo kitadanganya, nami nilimwona msichana mgumu, mrefu hivi, mtoto wa watu wa Nandi Hills, umri wa kitinda mimba wangu kama ningekuwa na mwingine, nikimwita Daktari ananirekebisha, mimi si daktari mama, mimi ni fizio, kazi yangu ni mazoezi, na mimi moyoni nasema mazoezi! mtu hana hata pumzi ya kufunga kamba ya kiatu anaambiwa mazoezi... pua, vuta kwa pua, toa kwa mdomo polepole, puliza kama unapoza uji wa mtoto, hapo, hapo, hewa inatoka ndefu, nyingine inaingia yenyewe, kupoza uji ninajua, hakuna mtu kaunti nzima hii aliyepoza uji kama mimi, miaka ishirini na saba jikoni mwa shule ya wasichana, mia saba wa kulishwa, sufuria unazoweza kumwogeshea ng'ombe, na kuni, kuni zenyewe wakati wa mvua zinakuja mbichi zinatoa maji upande mmoja na moshi upande mwingine, jiko halina bomba, dirisha moja, tulikuwa tunacheka, tunaambiana mpishi asiyelia hajapika, tukitoka nje macho mekundu tunakohoa tunatema kitu cheusi tunarudi ndani kusonga obusuma, ule ugali wetu, nani angejua kwamba moshi huwa hautoki wote, kwamba mwingine unabaki humo ndani unajenga, mpaka siku yule daktari wa hospitali akaniuliza mama unavuta sigara? nikacheka hadi nikakosa pumzi, mimi, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, sigara! akangoja nimalize kucheka, akauliza, unapikia nini... geuka, rudi, hii ni ya ngapi, ya tano, ya sita, usihesabu, Cheptoo ndiye anayehesabu, anachora vijiti kwenye karatasi yake, ukihesabu unaharakisha na ukiharakisha utalipa mbele... "Huyu mama yako," nasikia, ni Mzee Mukhwana anaongea na Chrispinus kwenye benchi, yeye aliendesha malori ya miwa Mumias kwote mpaka moyo ukamgomea, sauti yake ya lori bado anayo, "huyu mama yako arikuja hapa anashikirira ukuta kama mtoto," na Chrispinus anasema kitu, sisikii, nimeshapita, naona tu viatu vyake, viatu vya ofisini, vinang'aa, ndiyo nilishikilia ukuta, siku ya kwanza, kutoka pale getini hadi mlango wa ukumbi nilisimama mara tatu, watu wananipita wananisalimia naitikia kwa mkono kwa sababu mdomo una kazi nyingine, wakanipima, hizi hizi koni, mita mia moja sabini na mbili kwa dakika sita na humo niliketi mara mbili, nikalia, si kwa maumivu, nililia kwa aibu, mwanamke aliyebeba magunia ya mahindi anashindwa na koni za plastiki, na Mzee Mukhwana akasogea na kiti chake akaniambia pore pore tu mama, hata mimi niritembea kidogo tu wakanikarisha, sasa nipereke hadi sokoni uone, nilitaka kumwambia aniache, leo namshukuru... halafu kazi yenyewe ikaanza, inuka kwenye kiti keti, inuka keti, mara nane, wiki iliyofuata kumi, panda ngazi moja ya mbao shuka, chupa za maji zilizojazwa mchanga nyanyua mpaka begani, Cheptoo anazunguka anatuuliza pumzi yako ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi, nasema tisa, anaangalia kidude, ananitazama usoni, anasema mama hiyo ni nne, nyingine tano ni woga, nikakasirika, jamani! mtu ataniambiaje pumzi yangu, lakini nikaenda nayo nyumbani maneno hayo, nikayatafuna wiki nzima, na ilikuwa kweli, kulikuwa na pumzi na kulikuwa na woga vimelala kitanda kimoja na mimi nimevipa jina moja... "Unaendelea vizuri, mama. Zimebaki dakika nne," nne! nilidhani tatu, magoti yako sawa, mgongo umelowa, tembea... na kila siku ambayo si Jumanne wala Alhamisi tutembee nyumbani, mimi nilipewa kutoka mlango wangu hadi mti wa kwanza wa barabara, kisha hadi kituo cha bodaboda, na vijana wa bodaboda waliniuliza Mama twende wapi, nikasema siendi popote natembea, wakacheka, wakaniuliza kesho yake tena, wiki ya nne hawakuuliza, wiki ya saba nikafika hadi lango la ile shule, nikasimama nikaona moshi unatoka kwenye bomba, wameweka bomba sasa, jiko jipya la kuokoa kuni, mpishi kijana alitoka akanisalimia macho yake meupe kabisa, nikafurahi, nikaona wivu, nikafurahi tena... tatizo ni kwamba Chrispinus hakuona hayo yote, yeye anapiga simu Jumapili na simuni mimi ni kikohozi tu, simu haioni miguu, halafu anakuja mara moja na kunikuta nimeketi chini ya dirisha nikipumzika baada ya kufua, moyo wake unaruka, nauona, kama yeye alivyokuwa akiuona moyo wa baba yake ukiugua... koni, geuka, na hapa, hapa ndipo, ninajua hii, kifua kinafunga, kama mtu amekaa juu ya kifuniko cha sufuria, hewa inaingia lakini haishuki, vuta, haishuki, nyingine juu yake, haishuki, kidole kinapiga, masikio yanavuma, puliza uji, puliza, hakuna uji, hakuna kitu, ukuta uko wapi, ukuta, nimeufikia, kiganja kwenye rangi baridi, nimesimama, saa haisimami, alituambia ukisimama saa inaendelea, na "Mama!" nasikia viatu vya ofisini vinakuja sakafuni, "Mama, basi, inatosha, kaa chini!" na sauti ya Cheptoo, si ya kushangilia wala ya kufoka, "Kaka, rudi benchi tafadhali. Namwangalia. Hewa yake ya damu iko sawa." kisha kwangu, "Mama, unaweza kupumzika. Ukiona unaweza, endelea," na viatu vimenyamaza, havijarudi, vimesimama hapo katikati, na mimi paji la uso karibu na ukuta, kaa chini, kaa chini mama, maneno hayo nayajua, nayajua kwa sababu ni yangu.

Ni yangu mimi, nilimwambia Rasoah, dada yangu wa kunifuata, aliyepikia watu hotelini Ekero mpaka kifua chake kikawa kama changu, hata kabla ya changu, nikamchukua nikamleta kwangu Shianda kwa mapenzi, Mungu anajua ilikuwa mapenzi, akiinuka kufagia nachukua ufagio, keti Rasoah, akienda kuteka maji nalia, unataka kufa? keti, akitaka kwenda kanisani namwambia Mungu anakusikia hata hapo ulipo, nikampa kiti cha baba Chrispinus chenye mto, nikamletea chakula pale, maji ya kuoga pale, redio pale, na majirani wote wakisema Jescah ana moyo, angalia anavyomtunza dada yake, na miguu yake ikiisha, ikiisha mbele ya macho yangu, mapaja ya mwanamke aliyecheza kwenye kila harusi yakawa kama mikono ya mtoto, mpaka kutoka kitini hadi kitandani anahema kama amepanda kilima, nami nikazidi kusema keti, mvua za mwaka ule zikaisha zikaja nyingine na hizo hakuzimaliza, asubuhi moja tu uji wake uko mezani, na juzi juzi hapa hapa ukumbini, wiki ya pili, Cheptoo akasimama mbele yetu akagonga paja lake akasema msuli usiofanya kazi unasahau kutumia hewa, ukiinuka unaitisha hewa nyingi kuliko uliyo nayo, mapafu siwezi kuwarudishia, lakini miguu naweza, kila mtu akaitikia, wengine wakaandika, mimi nilitoka nje nikasimama kwenye bomba la maji nikajifanya naosha uso, kwa sababu nilikuwa nimeona kiti, niliona mto, nilijiona nikimletea mto wa pili... nilimfunga dada yangu kwa leso laini... nikaibeba hiyo hadi leo sijamwambia mtu, kila nikinyanyua chupa za mchanga nilikuwa nanyanyua na hiyo... puliza... lakini nani alinifundisha? hakuna aliyenifundisha, daktari gani alinikalisha akaniambia mtembeze dada yako, mtembeze polepole, hakuna, hakukuwa na ukumbi wala koni wala Cheptoo, yeye wakati ule labda alikuwa bado anavaa sare ya shule, nilichokuwa nacho ni mapenzi na woga, nikampa vyote, ndivyo nilivyokuwa navyo, na Rasoah alikuwa ananiambia, nakumbuka sasa, nilisahau hii, jioni moja alishika mkono wangu wenye sahani akasema dada, wewe unanipenda kupita kiasi, akacheka, tukacheka... puliza, ndefu, imetoka, imetoka yote, na sasa vuta, inashuka, inashuka mpaka chini, Mungu wangu inashuka... na hivi viatu vinavyong'aa vilivyosimama katikati ya ukumbi haviwezi kurudi wala kuja, ni mimi, ni mimi kabisa nimesimama hapo na ufagio wa Rasoah mkononi, huyu mtoto hana ubaya, ana mapenzi na woga, anauona moyo wa baba yake na kifua cha shangazi... cha mama yake mdogo aliyembeba mgongoni, alikuwa darasa la nane alipobeba msalaba wake kwenye maziko, alimwona kitini muda wote huo, kwa hiyo anaponiambia keti anadhani ananiokoa, kama mimi, kama mimi... basi siwezi kumkasirikia, lakini kiti hicho sikikalii... "Zimebaki dakika mbili," anasema Cheptoo, mbili, ya tatu ilipita nikiwa ukutani, sawa, iende, ondoa kiganja, kwanza vidole, kisha kiganja, mguu wa kulia.

Huo. Na wa kushoto. Nimempita Chrispinus, bega langu limekaribia kugusa koti lake, sikumwangalia, si kwa hasira, nina kazi, na mvua imeanza juu ya mabati kama kawaida ya Kakamega saa nane, matone mazito kwanza moja moja halafu yote kwa pamoja, kelele tupu, siisikii tena hata pumzi yangu mwenyewe, na hilo linanisaidia, natembea kwa kuhisi, kisigino, vidole, kisigino, vidole, miguu hii, jamani miguu hii, ina nguvu, inaona raha, paja linashika linaachia, linashika linaachia, kama wakati wa kusonga obusuma ya mia saba ulipokuwa unasimama umetanua miguu, unauzungusha mwiko kwa mwili mzima, si kwa mikono, mwili mzima, nilikuwa na nguvu, niliziweka wapi, ziko hapa, zilikuwa zinangoja kuitwa... koni, geuka karibu, rudi... na kitu kimoja nakiona wazi kuliko koni, kwamba tangu nitoke ukutani sijatembea kwa ajili ya Chrispinus, wala ya Cheptoo, nilimsahau kabisa mtoto na funguo zake, ule mkataba niliomwekea asubuhi, nikishindwa nitaingia garini, ulikuwa mkataba wa mtu mwenye woga, kama kwamba maisha yangu ni mtihani na msahihishaji ametoka Eldoret, mimi ni mama yake, nina miaka hamsini na tisa, nina nyumba, nina kuku ambao jirani atawarudisha leo leo, nina kitabu cha kwaya, nina Jumanne na Alhamisi, hata kama Cheptoo atasema umetembea mita kumi, mimi siendi, siendi kwa sababu sitaki kwenda, ni hivyo tu, rahisi hivyo, na ningeweza kumwambia asubuhi nikinywa chai yangu lakini asubuhi sikuwa nimeijua... na nitamwambia kwa upole, kwa sababu ana moyo, na nitamwambia yote, hata ya Rasoah, nitamwambia kosa si langu wala si lake, ni lile neno keti, na kwamba akitaka kunisaidia aje siku moja katikati ya wiki, avue viatu hivyo avae raba, tutembee hadi lango la shule na kurudi, aone... "Zimebaki sekunde kumi na tano, mama, nitakapokuambia simama, simama hapo hapo ulipo," anapaza sauti juu ya mvua, kumi na tano, usikimbie, koni inakuja, ipite, geuka, hatua, hatua, hatua, kifua kinawaka lakini kinawaka kama jiko zuri, hatua nyingine, "Simama!" nimesimama.

Nimesimama katikati ya sakafu, mikono kiunoni, nahema mdomo wazi kwa sauti, na sioni aibu, na Cheptoo amepiga magoti na futi yake anapima kutoka koni ya nyuma hadi kisigino changu, midomo yake inahesabu, na kabla hajainuka, kabla sijajua chochote, nasema, "Chris, mwanangu, siendi Eldoret." Maneno yanatoka vipande vipande, moja kwa kila pumzi, lakini yanatoka. Anafungua mdomo. Nainua mkono, ngoja, bado sijamaliza kupumua. "Nakupenda. Siendi." Na Mzee Mukhwana kwenye benchi anajifanya anaangalia mvua. Cheptoo anainuka, anajumlisha vijiti vyake, anajumlisha tena, na sasa kipimo kimekwisha na ruhusa ya kucheka anayo, anacheka meno yote, "Mia tatu na nane, mama! Mia tatu na nane, na ukutani umekaa zaidi ya dakika nzima!" na Mzee Mukhwana anapiga makofi kama amefika Mumias na lori lililojaa, "Mia tatu! Siriwaambia? Siriwaambia?" na wale akina mama wa ugonjwa wa sukari kwenye viti vya nyuma wanapiga kigelegele ukumbi mzima, kimeshinda mvua, na mimi nacheka nalia nahema vyote kwa mara moja, mia tatu na nane, karibu mara mbili, Rasoah, umesikia, karibu mara mbili... na Chrispinus bado yuko pale katikati na viatu vyake, uso wake ni ule wa darasa la nane, ananiangalia miguu, kwa mara ya kwanza leo ananiangalia miguu na si kifua, halafu anamgeukia Cheptoo, anakohoa kidogo kusafisha sauti, anauliza taratibu kama mtu anayeuliza njia, "Dada, haya mazoezi... akiwa nyumbani anaweza kuendelea nayo?" na Cheptoo, ambaye mabegi yale aliyaona tukishuka garini, anashusha ubao wake, anamuuliza, "Nyumbani wapi?" na mabati yanapiga, mwanangu ananitazama, namtazama, simsaidii, sina haja tena ya kumsaidia wala ya kumshinda, na anasema, "Kwake. Shianda."